Shamba la Mpakani: Historia ya Ardhi Busia na Tororo na Mafunzo kwa Mnunuzi wa Kwanza

Utangulizi

Likizo iliyopita mama yangu aliniita akanionyesha daftari la chama chao. Zamu yake ilikuwa imefika, na pesa alizopokea, pamoja na akiba ya miaka sita ya kuuza samaki sokoni Busia, zilikaribia kutosha kununua ploti ndogo. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe unayesoma. Baba yako mdogo alipoteza zake ng'ambo. Mimi sitaki kupoteza zangu. Nitafutie ukweli kabla sijatoa hata shilingi."

Mimi sisomi sheria. Ninasoma Kiswahili na Historia. Kwa hivyo nilianzia pale ninapopajua: nikauliza ardhi ya hapa kwetu imepitia mikono gani, na kwa nini karatasi za upande wa Kenya hazifanani na za upande wa Uganda. Nilichogundua ndicho hoja ya insha hii. Kila hatua ambayo mnunuzi wa ardhi huambiwa aifuate ina tukio la kihistoria nyuma yake. Anayeijua hatua peke yake huiona kuwa usumbufu wa ofisini na akapata tamaa ya kuiruka. Anayelijua tukio hawezi kuiruka.

Mpaka uliohama

Wengi wetu tuliokulia Busia hudhani mpaka ulikuwapo tangu zamani. Sivyo. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii ilikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda ulienea hadi maeneo ya Naivasha. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, Waingereza waliona vyema reli nzima iwe chini ya utawala mmoja, na tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukasogezwa magharibi hadi kwenye Mto Sio upande wa kusini na Mto Malaba upande wa kaskazini. Penye mji wa Busia mstari unapita katikati ya watu na maduka.

Wasamia wakajikuta pande mbili. Wateso vilevile. Nyanya yangu alizaliwa upande mmoja, akaolewa upande wa pili, na hakuwahi kusema kwamba aliolewa "nchi za nje". Hata neno boda boda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliowabeba watu kutoka lango moja la mpaka hadi lingine.

Hapa ndipo kosa la kwanza la mnunuzi linapoanzia. Kwa kuwa undugu unavuka mpaka, tunadhani haki ya ardhi nayo huvuka. Undugu haukuwahi kutiwa saini London. Ardhi ilitiwa, na kuanzia 1902 kila upande ulianza kuandikiwa sheria zake.

Upande wa Kenya: hati yenye jina moja

Chini ya ukoloni, Mwafrika wa Kenya hakuhesabiwa kuwa mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 iliifanya ardhi ya wenyeji kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1930 ilipitishwa sheria ya kuzilinda ardhi za wenyeji, ikiahidi kwamba maeneo yao yatakuwa yao daima. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, si mbali na kwetu, sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1932 ili kuwarahisishia wachimbaji kupata ardhi. "Daima" ilidumu miaka miwili. Nadhani wazee wetu walijifunza hapo kwamba ahadi ya serikali bila karatasi mkononi ni maneno tu.

Karatasi ilikuja baadaye. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulianza kugawa na kusajili ardhi kwa majina ya watu binafsi, kwanza katika eneo la Kati. Baada ya uhuru, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 na ile ya 1968 ya kuamua haki za ardhi zilieneza kazi hiyo sehemu nyingine, magharibi ikiwemo. Maafisa walitembea na wazee, wakauliza ni nani anayelima wapi, wakachora ramani.

Historia hiyo ingali inasomeka katika nambari za mashamba ya Busia. Ukiona hati imeandikwa Bukhayo/Mundika au South Teso/Angoromo kisha nambari, unasoma jina la eneo la wenyeji, kisha sehemu iliyosajiliwa, kisha kipande chenyewe. Nambari hiyo humweleza mnunuzi ni ramani ipi aiombe na ni wazee wa wapi awaulize.

Mambo mawili ya usajili ule yanatusumbua hadi leo. La kwanza ni kwamba jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mwanamume mmoja, mkuu wa boma. Mke, kaka mdogo na mama mjane waliokuwa wakilima shamba lilelile hawakuonekana katika daftari. Mzee huyo alipofariki, mara nyingi hakuna aliyekwenda mahakamani kufungua mirathi, kwa sababu nyumbani kila mtu alijua sehemu yake. Ndiyo maana leo unaweza kuuziwa ploti na kijana mwenye hati halisi kabisa mkononi, lakini jina lililomo ni la babu yake aliyezikwa zamani. Kijana huyo hana uwezo wa kuuza. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inakataza mtu kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi na warithi.

La pili ni kwamba ramani za usajili ule zilichorwa kwa mipaka ya jumla. Yaani mpaka ulikuwa ule uliopo ardhini: ua wa minyaa, mstari wa mikonge, kijito. Ukubwa ulioandikwa kwenye hati ni wa makadirio. Basi anayenunua kwa kusoma hati peke yake, bila kwenda na mpimaji na majirani hadi penye ua, anaweza kugundua baadaye kwamba sehemu ya choo chake iko kwa jirani.

Kuna hatua nyingine ambayo wanunuzi wengi wa kwanza huiona kama rushwa iliyovikwa kanzu: Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Sheria yake ni ya 1967. Ilikusudiwa kuzuia shamba la kilimo kukatwakatwa hadi lisilishe mtu, na familia kuuziwa shamba bila habari. Ombi la idhini ya bodi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini, kwa sheria hiyo mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili, na mnunuzi hubaki akidai pesa zake kama mtu aliyekopesha. Na mbele ya bodi ndipo mke na watoto wakubwa wa muuzaji huulizwa kama wanajua. Sheria za ardhi za 2012 zimeongeza nguvu hitaji la ridhaa ya mwenzi. Mtu asiyekuja na mkewe mbele ya bodi ana jambo analolificha, na mnunuzi afadhali alijue mapema.

Upande wa Uganda: ardhi ya ukoo

Nikivuka upande wa pili, hadithi ni nyingine kabisa. Wengi wetu tumesikia habari za mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, tukadhani Uganda nzima iko hivyo. Tororo na Busia hazikuwa Buganda. Zilikuwa sehemu ya Bukedi, nchi ambayo Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliiingia kwa bunduki kuanzia 1899 na kuiweka chini ya machifu wa mtindo wa Kiganda. Machifu walikuja, ila mailo haikuja. Kwa Waingereza ardhi ya Bukedi ilikuwa ya Mfalme. Kwa Wapadhola, Wateso, Wasamia na Wagwe ilibaki ya koo zao, kama kawaida.

Mwaka 1975 Idi Amin alitoa amri iliyofanya ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma. Katiba ya 1995 iligeuza jambo hilo: ardhi ni ya raia wa Uganda, nayo inamilikiwa kwa njia nne, yaani kimila, umiliki huru, mailo na kukodi. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikafuata, ikiruhusu mwenye ardhi ya kimila kupewa cheti cha umiliki wa kimila, na hata kuigeuza kuwa umiliki huru.

Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini huko ingali ya kimila na haina hati. Hilo halimaanishi kwamba haina mwenyewe. Ina wenyewe wengi. Daftari lake ni kichwa cha mzee wa ukoo, makaburi yaliyopo, na majirani wa pande zote nne. Anayekwenda kuuliza hati tu ataambiwa hakuna, naye atadhani hakuna cha kuchunguza.

Sasa nisimulie yaliyompata baba mdogo. Mwaka 2006 alinunua kipande cha shamba katika kijiji kimoja ng'ambo, kando ya njia ya kwenda Tororo. Bei ilikuwa nafuu kuliko kwetu. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye heshima. Waliandikiana karatasi, mashahidi wakaweka dole gumba, mhuri wa kijiji ukapigwa. Baba mdogo akajenga chumba kimoja cha mabati, akapanda muhogo. Muuzaji alipofariki, mjane alitokea na wanawe. Akasema hajawahi kuulizwa, na kwamba shamba hilo ndilo lililokuwa likiwalisha. Shauri lilikwenda kwa wazee, kisha mahakamani. Baba mdogo alishindwa. Aling'oa mabati yake, akayafunga kwenye baiskeli mbili, akarudi nyumbani. Pesa hazikurudi, kwa maana aliyezipokea alikuwa kaburini.

Nilikuwa mtoto, nami nilimchukia mjane yule bila kumwona. Nyumbani tulimwita mwizi. Nilipoisoma sheria ya 1998 pamoja na marekebisho yake ya 2004, niliona kwamba ardhi ambayo familia inakaa na kupata chakula chake haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mauzo ya namna hiyo ni batili. Mama yule hakuiba kitu. Alikuwa akidai shamba lililouzwa mgongoni pake. Aliyekosea ni muuzaji, na baada yake baba yetu mdogo, ambaye alikunywa chai katika boma lile mara tatu na hakuuliza mama mwenye kuandaa chai anasemaje.

Tena kulikuwa na kosa la pili. Baba mdogo ni Mkenya. Katiba ya Uganda haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kimila wala kwa umiliki huru. Anaweza kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na mkataba wa miaka 5 au zaidi lazima usajiliwe. Kenya nayo hufanya vivyo hivyo: Katiba ya 2010 inampa mgeni haki ya kukodi isiyozidi miaka 99. Watu wengi wa mpakani hudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeyafuta hayo. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010 imefungua mengi, lakini kuhusu ardhi inasema wazi kwamba mambo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi.

Najua jibu la mtaani: "Weka kwa jina la binamu wa ng'ambo." Wapo waliofanya hivyo na wanaishi kwa amani. Lakini mbele ya sheria mwenye shamba ni binamu, na akifa, warithi ni watoto wa binamu. Kwa njia hiyo umempa ndugu yako zawadi ukidhani umenunua.

Tororo, Agosti 1972

Ardhi ya mjini ina historia yake. Reli kutoka Nakuru na Eldoret ilipopita Tororo kuelekea Kampala, ambako ilifika mwaka 1931, mji ulikua chini ya lile jabali maarufu. Ploti za mjini zilitolewa kwa kukodishwa kwa miaka maalumu, na wafanyabiashara wengi waliojenga walikuwa Waasia.

Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na wanajeshi katika kambi ya Tororo, Idi Amin alitangaza uamuzi wa kuwafukuza Waasia. Walipewa siku 90. Maduka na nyumba walizoacha ziligawiwa wanajeshi na watu wengine, na bodi maalumu ikaundwa kuzisimamia. Nyumba zikaanza kuuzwa na kuuzwa tena, kila mnunuzi akiwa na karatasi yake.

Halafu ikaja Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya 1982. Ilibatilisha mauzo na uhamisho wote uliofanywa juu ya mali zile, na kuwapa wenyewe wa awali nafasi ya kuzidai. Katika miaka ya 1990 wengi walirudi au walituma mawakili. Aliyekuwa amenunua jengo kwa mtu aliyegawiwa na utawala wa Amin aligundua kwamba muda wa kulikalia haukumsaidia, kwa sababu muuzaji wake hakuwa na haki ya kumpa.

Funzo ni pana kuliko Tororo. Muuzaji hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana, hata karatasi ziwe nyingi namna gani. Kwa jengo la zamani la mjini, mnunuzi aulize mnyororo mzima: nani alijenga, nani alifuata, kwa ruhusa ya nani, na kama ni ardhi ya kukodi, imebakiza miaka mingapi. Ploti iliyobakiza miaka 4 si sawa na iliyobakiza 40, ingawa ukizitazama kutoka barabarani zinafanana.

Bei inayopanda na kushuka na lango

Mnunuzi wa mpakani ananunua udongo, na pia ananunua sera za serikali mbili. Katika miaka ya 1970, wakati uchumi wa Uganda ulipoanguka, magendo ya kahawa na bidhaa yaliwatajirisha watu pande zote za mpaka. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977. Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Kwa mwenye lori hiyo ilikuwa neema. Kwa aliyejenga vyumba vya kulaza madereva waliokuwa wakisubiri foleni, haikuwa hivyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni za malori zilirudi Malaba na Busia kwa kilomita nyingi, kisha zikaisha.

Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala, na sasa kila dalali huko ana ploti iliyo "karibu na reli". Katiba ya Uganda inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, ila fidia hulipwa kwa anayethibitisha kwamba ni yake. Nyanya alizoea kusema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika suala hili sijaona kitabu kilichosema vizuri zaidi.

Kwa hivyo anayeanza asinunue kwa kuitegemea foleni ya leo wala reli ya kesho. Ajiulize: lango likifungwa mwaka mzima, ploti hii itaniletea nini? Kama jibu ni "hakuna", basi ni bahati nasibu.

Mafunzo kwa anayeanza

Nikiyakusanya, nilimwandikia mama mambo haya katika ukurasa wa nyuma wa daftari lake.

Kwanza, anza na uraia. Jua kabla ya kuangalia ploti kama sheria inakuruhusu kuimiliki au kuikodi tu.

Pili, linganisha jina lililo kwenye daftari la serikali na mtu aliye mbele yako. Upande wa Kenya, omba utafutaji rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Usiridhike na nakala aliyokuletea dalali. Kama jina ni la marehemu, ngoja mirathi iishe.

Tatu, nenda shambani mara mbili, mara moja pamoja na muuzaji na mara moja bila yeye. Zungumza na majirani wa pande nne. Tazama ni nani anayelima. Nchini Kenya mtu aliyekaa kwenye ardhi kwa uwazi na bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kuidai mahakamani.

Nne, mwulize mke, au mume, ana kwa ana. Upande wa Uganda waulize pia wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, na ukumbuke kwamba mhuri wake unathibitisha makubaliano yalifanyika. Hauthibitishi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza.

Tano, lete mpimaji, upate mipaka ardhini na katika ramani.

Sita, tumia wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji, na ulipe kwa njia inayoacha alama, kwa awamu zinazofuata hatua za sheria. Weka pembeni gharama za wakili, mpimaji na ushuru wa stempu, ambao Kenya ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Anayemaliza akiba yote kwenye bei hukosa pesa za kuhamisha hati, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hitimisho

Mama alikuwa ameipenda ploti moja upande wetu, karibu na barabara ya Matayos. Tulifanya utafutaji. Jina lilikuwa la mzee aliyefariki, na muuzaji alikuwa mjukuu wake. Tulimwambia tutarudi akimaliza mirathi. Alikasirika, akasema wanunuzi ni wengi, na kweli baada ya wiki mbili mtu mwingine alilipa. Sasa ameshachimba msingi. Kila tukipita pale kwa boda boda mama hunyamaza, nami najua anahesabu bei ilivyopanda.

Juzi alinipigia simu. Shangazi wawili wa yule kijana wamekwenda kwa chifu kulalamika kwamba hawakushirikishwa. Mama hakufurahi. Alisema tu, "Yule mtu ana watoto wadogo." Kisha akaniuliza kama ninaweza kumpelekea mnunuzi yule nakala ya ukurasa wa nyuma wa daftari. Nimeinakili, na insha hii imetokana nayo.